Ubao Tuliokuwa Tunaufuta Jumamosi

Skrini ilisema boksi kumi na nne. Friji ilisema chupa moja ya soda, nusu ya parachichi, na mkebe wa chakula wenye jina la mtu juu ya mfuniko.

Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya hao wawili, kwenye kaunta yetu ya Lubaga, saa nne asubuhi, mguu wa kushoto umefungwa kitenge na damu inachungulia. Mbwa alikuwa ameniuma saa moja na nusu kando ya reli, Namuwongo, nikienda kazini. Mbwa asiye na mwenyewe, mate yananing'inia kama kamba ya kiatu, ambaye kabla ya kunifikia alikuwa ameshauma mbuzi mmoja na tairi la baiskeli. Watu wakampiga mawe akafa palepale, wakanigeukia wakisubiri niwashukuru. Kumbe daktari anamtaka mbwa akiwa hai, afungwe siku kumi, aangaliwe kama kweli ana kichaa! Wangu hakupata hata dakika kumi. Kwenye kliniki muuguzi akaniosha kidonda kwa sabuni mpaka nikamuita mama, halafu akasema, "Chanjo kwetu imeisha. Lakini wewe si wa ghala la dawa? Piga simu kwenu, uilete, nikudunge. Leo, si kesho. Ugonjwa huu ukianza hauna dawa."

Nikapiga simu Lubaga. Nikaambiwa ziko. Nikapanda boda nikiwa na raha ya mtu ambaye dada yake ndiye anagawa nyama.

"Maama Candiru, ziko," Nakku, msichana wetu wa kaunta, akasema akinigeuzia skrini. "Kumi na nne. Ona, hata tarehe iko hapa."

"Nakku mwanangu, fungua friji."

"Nimefungua."

"Ziko?"

"Kwa kompyuta ziko."

"Na kwa friji?"

Akaangalia friji, akaangalia skrini, akaangalia mguu wangu. "Kwa friji... bado."

Bado! Hapo ndipo kicheko kiliponishika. Nilicheka mpaka nikashikilia kaunta. Nilicheka mpaka machozi na kamasi vikaja pamoja. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni akamvuta mkewe nyuma. "Banange, kimeshampanda kichwani!" Foleni yote ikatoka nje, wakanichungulia kupitia dirishani, na kadiri walivyonichungulia ndivyo nilivyozidi kucheka.

Sikuwa na kichaa. Nilicheka kwa sababu ile skrini ilikuwa ubao wangu. Mimi, mwanamke wa darasa la sita, ndiye niliyeifundisha isiwe goigoi. Na sasa ilikuwa inanidanganya, tena kwa kasi niliyoifundisha mwenyewe.

Nyinyi mliobaki ghalani, na nyinyi mlioingia juzi ambao mnadhani dawa zinahesabiwa na Mungu, kaeni niwaambie kitu hiki kilianzia wapi. Mimi nimestaafu. Neno ni lao, nitalirudia mwishoni. Na majina nitayataja, maana mtu akifanya jambo akiwa na jina, lawama ataipokea kwa jina hilohilo.

Baba yangu alikuwa koplo wa polisi, mtu wa Arua, na Kiswahili changu ni cha kambini, kile cha kuamshwa nacho asubuhi. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu mabati ya darasa yaliondoka na wanajeshi waliokuwa wanakimbia. Vita ya themanini na sita ilipokwisha tukabaki Kampala, mimi na mama, tukapata chumba Namuwongo, na nikaanza kutafuta kazi kwa kupita kila geti kuanzia reli kwenda juu.

Geti la ghala la dawa nilifika Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Nikakuta watu wanaimba. Ukuta mzima ulikuwa umepakwa rangi nyeusi, na mbele yake mwanamume mrefu mwenye chaki nyuma ya sikio alikuwa anafuta maandishi kwa kitambaa kilicholowa, akiimba wimbo wa kanisani, na wapagazi wanamwitikia. Nikasema moyoni, hapa pana furaha, hapa ndipo pangu. Wakanipa kazi ya kufagia, nianze Jumatatu.

Jumatatu nikafika kabla ya wote. Nilitaka waone kwamba Candiru hangoji kuambiwa. Nikafagia, nikapanga mifagio, nikaona ule ukuta mweusi umejaa chaki kutoka juu mpaka chini, mchafu kabisa! Nikaloweka kitambaa. Nikaufuta wote. Tena niliimba.

Yule mrefu akaingia. Alikaa juu ya katoni ya glavu akautazama ukuta wangu unaong'aa kwa muda mrefu sana. Halafu akauliza, kwa upole wa kutisha, "Binti, unajua kuhesabu?"

"Najua, mzee. Mpaka elfu."

"Vizuri. Tutafika huko."

Tulihesabu ghala zima siku mbili, mimi na yeye, rafu kwa rafu. Hivyo ndivyo mfagiaji alivyoingia kwenye stoo. Huyo alikuwa Mzee Wafula, Mkenya wa Bungoma, mtunza stoo. Luganda yake ilikuwa ya kusalimia na yangu ilikuwa ya kukimbilia, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili. Chaki alikwenda nayo mpaka kanisani. Nadhani hata mkewe hakuwahi kuliona lile sikio likiwa tupu.

Ubao ulikuwa hivi. Kila dawa ilikuwa na mstari wake. Kwenye mstari, idadi ya boksi Namuwongo penye ghala kubwa, idadi Kisugu penye chumba baridi, idadi Lubaga penye kaunta. Mwisho wa mstari, tarehe ya boksi litakalokufa kwanza, ndivyo tulivyoita dawa kupitwa na muda. Mtu akipiga simu kuuliza, humkimbizi mtu rafuni. Unasoma ubao, unajibu, unakata. Jibu lilikuwa limepikwa kabla swali halijafika.

Lakini jibu lililopikwa hupoa. Boksi zinaingia, boksi zinatoka. Kwa kila kilichosogea tuliandika slipu, na slipu ilichomwa kwenye msumari uliosimama juu ya kibao, mezani. Mchana na jioni Mzee Wafula alibeba msumari kama askofu abebavyo fimbo, akaenda ubaoni. Slipu moja, mstari mmoja. Anabadilisha namba, anatia tiki kwenye slipu, ndipo anaichomoa. "Chaki kwanza, msumari baadaye," alikuwa akisema. "Ukichomoa kabla hujaandika, hiyo slipu imekufa na hakuna atakayeizika." Mistari ambayo haikuguswa hakuigusa. Dawa mia kadhaa ukutani, na siku nzima anabadilisha mistari thelathini, arobaini, kisha anakaa kunywa chai. Mimi niliyefuta ukuta mzima nilikuwa natazama naona haya mpaka visiginoni.

Kosa langu la pili lilikuwa la tarehe. Slipu imetoka: boksi moja, lile la kufa kwanza. Idadi nikapunguza moja, safi. Tarehe nikafikiri kidogo, nikaandika ya boksi lililoingia mwisho. Nilijiona msomi. Mzee Wafula akanishika mkono wa sweta akanipeleka kwenye rafu.

"Idadi inapunguzwa kwa chaki," akasema. "Tarehe haipunguzwi. Aliyekuwa wa kwanza kufa akiondoka, nani anafuata?"

"Sijui, mzee."

"Na ubao haujui. Slipu haijui. Rafu ndiyo inajua. Njoo uitazame. Lakini hii rafu moja tu, binti, usinihesabie tena ghala zima. Usiwe mvivu, na usiwe mwendawazimu. Simama hapo katikati."

Nikauliza, basi Jumamosi tunafuta yote ya nini, kama kila siku tunarekebisha? Akatoa chaki sikioni, jambo alilolifanya kwa mambo makubwa tu. "Ukikosea Jumatatu, Ijumaa bado umekosea, juu ya kosa umejenga makosa. Ubao hauoni rafu. Ubao unaniona mimi, na mimi ni mtu wa kusinzia." Kwa hiyo siku sita tulirekebisha kidogokidogo kwa kasi, na siku ya Jumamosi tulifuta yote, tukahesabu kwa mikono, tukaandika upya, tukiimba. Ilikuwa kazi ngumu na ndiyo siku niliyoipenda kuliko zote.

Alirudi Bungoma miguu ilipoanza kumuuma. Aliniachia nusu ya chaki. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na kesho yake nikagundua ameniachia pia kabati zima la chaki mpya na hakuniambia, mzee yule.

Halafu kompyuta ikaja, na pamoja nayo Injinia Derrick, kijana wa viatu vilivyochongoka mbele, na meneja mpya, Bwana Katende, ambaye alikuwa anatembea kama mtu anayepigwa picha. Rafu za bandeji zikasogezwa mbele ya ubao. Nikapewa kiti mbele ya skrini, niwe naingiza slipu kwa vidole viwili, na ninavyo viwili hadi leo.

Mwanzoni kompyuta ilikuwa ya ajabu. Ukiuliza panadoli ngapi, inajumlisha slipu zote tangu siku iliyofika, inakujibu hujapepesa jicho. Lakini slipu zikaongezeka. Mwaka, miaka. Ukiuliza, inahesabu kila boksi lililowahi kuingia na kila lililowahi kutoka. Watu wakawa wanauliza halafu wanakwenda kununua muhogo. Derrick akatengeneza dawa ya hilo: akaifanya kompyuta ipike majibu yote mara moja asubuhi, iyaweke pembeni, halafu siku nzima itoe kiporo. Waganda wanaita mawolu. Wazo zuri, hata mimi nililisifu. Lakini ile asubuhi ya kupika! Kompyuta ilikuwa inamwaga sufuria yote na kuanza upya, kila dawa, kila stoo, tangu slipu ya kwanza ya dunia. Ilianza geti likifunguliwa, ikamaliza watu wakienda kula. Mpaka saa saba mchana ghala zima lilikuwa linakula chakula cha jana. Lubaga wanauza kilichokwisha, Kisugu wanakataa kilichopo.

Siku moja nikamuuliza, "Injinia, kwa nini hii kitu inafuta ubao mzima kila siku?"

"Ubao gani, Maama?"

"Wa ndani. Hilo ni kosa langu la Jumatatu ya kwanza. Mimi nilifanya mara moja, wewe unafanya kila asubuhi."

Akacheka. "Maama Candiru, hii databesi, si chaki."

"Kale, sawa. Twende tushindane."

Jamani, siku ile! Odong, mpagazi mkubwa kuliko wote, mwenye mabega ya friji, akasukuma rafu za bandeji peke yake, ubao ukatoka kizani. Jioni hiyo nikabaki na Odong na wapagazi wengine, tukaandika ukutani hesabu ambayo kompyuta iliipika asubuhi, mistari yote. Kesho yake asubuhi Derrick akabonyeza kitufe kompyuta ianze kupika, na mimi nikachukua slipu za tangu hapo, ambazo bado hazijaandikwa. Zilikuwa thelathini na saba. Wapagazi wakasimama pande zote mbili wakipiga makatoni. "Chaki! Chaki! Chaki!" Slipu, mstari, tiki. Slipu, mstari, tiki. Slipu ya sindano za kufa mwezi ule ikaja, nikatupa chaki nikakimbilia rafu moja, nikatazama tarehe, nikarudi mbio na ndara moja, nyingine ilibaki huko. Nilipotia tiki ya mwisho Odong akaninyanyua juu kama katoni ya pamba. Nilikunywa chai. Nikanywa ya pili. Nikaenda kuifuata ndara yangu. Kompyuta bado ilikuwa inazungusha kale kaduara.

Derrick alisimama mbele ya ukuta mikono kiunoni. Halafu akasema kitu ambacho kwa ajili yake nilimpenda, na kwa ajili yake namkasirikia mara mbili zaidi leo: "Maama, nionyeshe tena. Polepole."

Nilimwonyesha wiki mbili. Akaifanya kompyuta iwe na msumari wake, daftari la mabadiliko, kila kinachosogea kinajiandika humo chenyewe. Majibu yakawa hayapikwi upya. Inasoma daftari, inagusa mistari iliyosogea, inaacha mingine ilale. Idadi inaongeza na kupunguza. Tarehe ikiondoka, inakwenda kutazama rafu hiyo moja tu, maana yake slipu za dawa hiyo moja. Akaandika kwa mkono wake kwenye karatasi, akaibandika juu ya meza yake: CHAKI KWANZA, MSUMARI BAADAYE. Kilichokuwa kinakula asubuhi nzima kikawa kinakwisha kabla sijameza funda la chai. Siku ya kwanza nilibonyeza mara sita kwa raha tu, na kila nilipobonyeza Odong alipiga vigelegele, mwanamume yule mzima, kwa sauti nyembamba usiyoitarajia kwenye kifua kile.

"Na Jumamosi?" nikamuuliza Derrick.

"Jumamosi itafuta yote, Maama. Nyinyi mtahesabu kwa mikono, tutaingiza, itapika upya. Nimeiweka."

Na aliiweka kweli. Miaka hiyo ilikuwa mizuri. Mkuu fulani alikuja akampa Derrick mkono na picha ikapigwa. Mimi niko kwenye picha ile. Tazameni kwa makini upande wa kushoto, nyuma ya ua la plastiki, kile kiwiko.

Sasa Katende.

Katende aliweka skrini kubwa mapokezi, wageni waone dawa zetu zinavyojibadilisha namba zenyewe. Wageni wake wakawa wanakuja Jumamosi. Na Jumamosi skrini ilikuwa inabaki tupu saa kadhaa kwa sababu tunafuta. Akaitisha kikao. Akasema, "Kwa nini tunafuta kitu kinachofanya kazi? Maama Candiru mwenyewe ametufundisha: usifute ubao mzima!" Watu wakageuka kunitazama wakapiga makofi. Nami, Mungu anisamehe, nikatabasamu. Sekunde moja, mbili. Nilikuwa sijawahi kupigiwa makofi na watu waliokaa kwenye viti. Nilipokumbuka kunyanyua mkono niseme la pili, kwamba Jumamosi ni kitu kingine, akasema, "Asante mama, tumekupata," na kikao kikaenda kwenye mambo ya sare.

Kosa moja halikumtosha. Daftari la mabadiliko likawa linajaza kompyuta, akamwagiza Derrick lisafishwe kila adhuhuri, saa ileile, limesomwa halijasomwa. Yaani mtu anapita na kuchomoa slipu zote msumarini bila kuangalia kama zimeandikwa! Siku ambayo kompyuta imechelewa kusoma, slipu za asubuhi hiyo zinapotea na hakuna anayejua. Nilimfuata Derrick. Ile karatasi bado ilikuwa juu ya meza yake.

"Soma hapo," nikamwambia.

"Naijua, Maama."

"Isome tu."

"Ni maagizo. Nitarekebisha wiki ijayo."

Wiki ijayo ya Derrick nadhani inapatikana mbinguni. Mimi na Odong hatukuwa na maagizo ya kupinga, lakini tulikuwa na chaki. Tukarudi nyuma ya bandeji kimyakimya. Ukuta mzima hatukuuweza, tukachukua dawa za baridi tu, zile ambazo mtu akizikosa anazikosa kweli. Odong alikuwa anapanda gari la kusambaza dawa kila siku, kwa hiyo alikuwa anafika stoo zote tatu na macho yake. Siku sita tunarekebisha. Jumamosi tunafuta, anahesabu, tunaandika. Tuliimba pia, kwa sauti ya kunong'ona, kama wezi wacha Mungu.

Na bado, asubuhi ile nilipoumwa, nilimpigia simu nani? Sikumpigia Odong. Nilimpigia Nakku anisomee skrini, kwa sababu skrini ni ya kazini na ubao ulikuwa mchezo wetu wa siri. Hilo la kwangu, nalichukua. Mengine si ya kwangu.

Basi niko Lubaga, nacheka, foleni iko dirishani. Nikampigia Katende.

"Ziko hapo," akasema. "Naziona hapa kwa skrini."

"Bwana meneja, nimesimama mbele ya friji. Kuna parachichi."

"Angalia vizuri, mama."

"Nimeangalia. Ni nusu."

Akakata. Nikampigia Odong.

"Wangi, Maama," akaitika.

"Odong, mbwa ameniuma. Angalia ubao, chanjo ya mbwa."

"Mbwa gani? Yule wa reli?"

"Ubao, Odong!"

"Ngoja nisogeze bandeji." Nikasikia rafu inalia, nikasikia pumzi zake. "Namuwongo sifuri. Lubaga sifuri, zilitoka zote mwezi uliopita. Kisugu mbili. Maama, hizo mbili nimezigusa Jumamosi na mkono huu."

Boda akanipitisha njia ambazo hata yeye hakuzijua. Kisugu, mtunza chumba baridi ni jamaa mpole, jina lake namwachia. Akanionyesha skrini: sifuri.

"Fungua," nikasema.

"Mama, ni sifuri."

"Fungua, nizione hizo sifuri."

Akafungua. Sifuri mbili zilikuwa zimekaa rafu ya chini, nyeupe, baridi, nzuri kama watoto mapacha. Lakini subirini, bado! Hakuweza kunipa. Kompyuta haitoi slipu ya kutoa kitu ambacho kwake hakipo. Akampigia Katende, akaweka spika, na wote wawili tulisikia kwa masikio yetu: "Huwezi kutoa kitu ambacho hakipo." Boksi liko mkononi mwangu linanigandisha vidole!

Nikaomba karatasi. Nikaandika kwa mkono, kama Mzee Wafula: Imetoka moja, Kisugu, kwenda mguu wa Candiru. Nikatia sahihi. Nikaondoka na boksi, na nilikuwa nimeshaanza kucheka tena kabla ya kufika getini. Muuguzi alinidunga kabla ya saa nane. Nikarudia siku ya tatu, ya saba, na zote alizoniambia, sikukosa hata moja. Niko hapa. Sibweki.

Wiki hiyo nikaitwa ofisini. Nimetoa mali bila slipu ya mfumo. Nimecheka vibaya mbele ya wateja. Lakini hawanifukuzi, hapana, wananiheshimu: umechoka mama, kastaafu. Kuhusu boksi kumi na nne wakaandika kwamba palikuwa na hitilafu ya mfumo. Mfumo! Mfumo hauna mkono wa kuchomoa slipu. Mfumo haukukaa kwenye kikao. Katende alikaa, na Derrick alikaa pembeni yake akitazama viatu vyake.

Hadi hapo ningeweza kucheka na kwenda nyumbani. Lakini nilipokuwa naondoka, yule wa chumba baridi, ambaye naye alikuwa ameitwa, alinifuata mpaka barabarani. Hakuwa na raha. Akaniambia siku moja kabla yangu alikuja baba mmoja na binti yake mdogo, mkono umefungwa leso. Mbwa. Mbwa gani, baba hakujua, alisema tu wa kule relini. Mtunza stoo akatazama skrini, akaona sifuri, akamwambia hapa hakuna, nenda Lubaga, Lubaga ziko kumi na nne. Boksi mbili zikiwa hatua tano nyuma ya mgongo wake. Nikamuuliza Nakku. Anamkumbuka. Alimwambia zinaonekana kwa kompyuta lakini kwa friji bado, labda arudi kesho. Hakurudi. Hakuna aliyemuuliza jina.

Mimi na Odong tumezunguka Namuwongo tukiuliza mlango kwa mlango. Hatujampata bado. Tunaendelea.

Kwa hiyo, Bwana Katende, na wewe Derrick mwanangu, nawaandikia mbele ya watu wote wa ghala. Slipu yangu ya mkono Odong ameichoma kwenye msumari wa Mzee Wafula, nyuma ya bandeji. Haijatiwa tiki, na hakuna atakayeichomoa. Njooni Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Kitambaa nimeshakiloweka, wapagazi wataimba. Tutafuta yote, tutahesabu rafu kwa rafu, na katikati ya wimbo mtasimama mmoja mmoja mseme nani aliagiza msumari uchomolewe kabla ya chaki, na nani alijua akanyamaza.

Na kabla hatujaandika mstari wa kwanza mtatujibu hili, kwa vinywa vyenu, si kwa skrini: yule mtoto alipata chanjo wapi?